Mbuzi wa Ndeti, Mbuzi wa Nthiwa

Kuna maneno matatu ambayo Nthenya hakutaka kuyasikia tena maishani mwake: tuko karibu kumaliza. Ndugu yake Nzau aliyasema kila siku ya Mungu. Aliyasema akinywa chai, akitafuta soksi, akiingia dukani kuazima chaja ambayo hakuirudisha. Nthenya ana duka la dawa za mifugo pale Zombe, upande wa Kitui, karibu na mashine ya kusaga, na wateja wake wanajua kwamba ukitaka upimiwe dawa ya kupe kwa mkono wenye hasira, uliza habari za Nzau.

Si kwamba Nzau ni mvivu. Afadhali angekuwa mvivu, maana mvivu hukaa mahali pamoja ukajua pa kumpata. Nzau huamka na wazo, na kabla jua halijawa kali ameshalipa jina, amelichorea nembo, na amewatangazia watu. Kinachofuata baada ya hapo ndicho humshinda. Aliwahi kutengeneza mashine ya kuangulia vifaranga, nzuri ya kupendeza macho, ila hakukumbuka kwamba umeme wa Zombe huondoka bila kuaga. Mayai yakaoza ndani ya chumba cha wageni na nyumba ikanuka mpaka Pasaka.

Kisha ikaja AI. Nzau akaifundisha simu iwe inaandika matangazo ya kanisa, na mchungaji akafurahi kwa sababu alichoka kuandika kwa mkono. Jumapili ya kwanza mchungaji alisimama madhabahuni akasoma yote kama yalivyokuja, na harusi ya Kaluki ikasomwa katika sehemu ya matanga, pamoja na mahali pa kukutania kusindikiza mwili. Hakuna aliyeyapitia matangazo yale kabla. Mama yake Kaluki mpaka leo akitaka dawa ya minyoo hupita mlango wa Nthenya akiwa ameangalia upande wa pili, akaenda kununua kwingine.

Watu humwona Nthenya kuwa mpinga maendeleo, na jambo hilo humuuma. Kabla hajarudi nyumbani kumtunza baba yao baada ya mama kufariki, alifanya kazi Nairobi katika ofisi ya kutengeneza programu za simu. Kazi yake ilikuwa kuzijaribu kabla hazijafikia watu: kubonyeza kila mahali, kuandika vibaya makusudi, kuharibu chochote kinachoweza kuharibika. Huko alijifunza jambo moja ambalo halimtoki. Wazo zuri kila mtu analo, hata mlevi wa sokoni analo. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kuunda kwenyewe ndiko watu hawataki.

Basi Nzau alipokuja na habari za Mbuikoin, yaani sarafu ya mbui, mbuzi kwa Kikamba, Nthenya alisikiliza akiwa ameshika kichwa. Na hili ndilo lililomkera kuliko yote: wazo lilikuwa zuri. Kila kiangazi watu wa Zombe huuza mbuzi kwa bei ya kutupa, kwa sababu nyasi hakuna na madalali wanajua hakuna. Na kule mijini kuna watu wanaotamani kuwa na mbuzi lakini hawana hata pa kumfunga. Nzau alitaka kila mbuzi apigwe picha, AI aliyoiita Jicho imjue sura yake na masikio yake, na mbuzi huyo apewe sarafu yake moja ya kidijitali. Mtu wa mjini ananunua sarafu, mfugaji anapata nyasi na dawa za kumvusha kiangazi, na mbuzi akiuzwa kwa bei nzuri wanagawana. Habari zikishaandikwa kwenye mtandao wa sarafu, Nzau alisema, hazifutiki milele.

"Kama hazifutiki," Nthenya akamwambia, "si ndiyo sababu ya kuhakikisha ni za ukweli kwanza?"

Nzau hakuwa peke yake. Mwenzake alikuwa Kinyanjui, kijana wa Sultan Hamud ambaye wazazi wake walitoka Nyeri zamani wakafungua duka la vifaa vya ujenzi pale kando ya barabara ya Mombasa. Alizaliwa hapo hapo, anasema Kikamba kilichonyooka kuliko cha Nzau, na kompyuta anaijua kweli. Tatizo la Kinyanjui ni kwamba hawezi kungoja. Kitu chochote kinachomchelewesha hukiondoa njiani akasema atakirudia, na kama kuna siku aliwahi kukirudia, Nthenya hakuwepo.

Nthenya aliwaketisha jikoni akawapa ugali kwanza, maana mtu mwenye njaa hasikii. Halafu akawapa masharti. Waende kwa miguu yao katika kila boma, wamwone mbuzi amesimama na mwenyewe amesimama kando yake. Wamtoboe sikio wamtie kile kitambulisho cha plastiki. Na Jicho imlinganishe kila mbuzi mpya na wale wote waliotangulia, kabla hajapewa sarafu. Akauliza pia kibali cha kuuza sarafu kiko wapi, wakatazamana.

Kinyanjui alisema kuna watu wengine wanaotaka kufanya jambo hilo hilo, na wakichelewa watapitwa. Nthenya akamjibu kutangulia si kufika. Nzau naye, kwa kuwa hakosi methali ya kumtetea, akasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Matumbo yakiuma nina dawa hapa dukani," Nthenya akasema. "Ukiharibu jina la mtu, dawa yake sina."

Wakakubali yote. Wakamshukuru kwa chakula. Wakaenda wakafanya mambo yao.

Badala ya kutembea bomani, walifungua kundi la WhatsApp wakawaambia wafugaji watume picha. Vitambulisho vya masikio waliviagiza, vikaja kwenye sanduku, na sanduku likakaa chini ya kaunta ya Nthenya likiwa bado na utepe wake wa gundi, halijafunguliwa. Kila alipofagia alilisogeza kwa mguu, na kila alipolisogeza aliguna. Ile sehemu ya Jicho ya kulinganisha mbuzi waliizima, kwa sababu ilifanya simu kuwa nzito na ingewaaibisha mbele ya watu siku ya uzinduzi. Wangeiwasha baadaye. Walikuwa karibu kumaliza.

Hapa lazima msomaji aelewe jambo moja kuhusu mbuzi wa Ukambani. Wazee wetu hawakuweka mbuzi wote katika boma moja. Mvua huku ni ya kubahatisha: inaweza kunyesha kwa jirani ikaruka kwako. Kwa hiyo mtu huchukua sehemu ya mbuzi zake akaziweka kwa rafiki wa mbali, mahali ambapo nyasi zitakuwepo zake zikikauka. Kwa Kikamba tunaita kuvithya. Yule rafiki anazilisha, anakunywa maziwa, anatumia mbolea, na hapo katikati wanapeana watoto wa mbuzi bila kuandikiana. Na katika nyumba ya akina Nthenya na za rafiki zao kulikuwa na adabu yake: mgeni akimuuliza mlezi mbuzi hizi ni za nani, mlezi husema ni zangu. Hasemi uongo. Anamfichia mwenzake mali, wasije wakwe na wadai wakajua iliko.

Baba yao, mzee Ndeti, mbuzi zake nyingi ziliishi nje kidogo ya Sultan Hamud kwa mzee Nthiwa. Walikutana vijana kwenye mkutano wa injili, wakalala godoro moja kwa kuwa magodoro hayakutosha, na tangu siku hiyo hawakuachana. Nzau alipozaliwa mama yao alikuwa mgonjwa, maziwa hayakutoka. Nthiwa alimpakia mbuzi wa maziwa kwenye lori la pojo akamleta mwenyewe mpaka Zombe. Nzau alikuzwa kwa maziwa yale. Yule mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika, anayeishi kwa Nthiwa sasa, ni wa kizazi chake.

Kwa hiyo Nzau alijua. Nthenya anaporudia hadithi hii, hapo ndipo huweka kisu chini akaacha kukata sukuma. Angekuwa mtoto wa Nairobi angemsamehe. Lakini Nzau alijua mbuzi wa baba wako wapi kama alivyojua kitanda chake kiko wapi, na akaketi akasajili picha zilizotumwa na baba yake. Ndeti alikuwa amezipata kwa Nthiwa, akiomba kwa simu apigiwe picha za mbuzi zake. Na kule Sultan Hamud, Kinyanjui alimuuliza Nthiwa kwa simu mbuzi hizi ni za nani, Nthiwa akajibu kwa adabu aliyofundishwa. Mbuzi wale wale wakaandikwa mara mbili, kwa majina mawili, mahali pasipofutika. Hawakuwa peke yao. Karibu kila boma kutoka Zombe mpaka barabara ya Mombasa lilikuwa na mbuzi wa mtu mwingine.

Uzinduzi ulifanyika Kitui, katika ukumbi wa hoteli, na fulana za kijani zikagawiwa. Kulikuwa na keki yenye umbo la mbuzi. Ndeti na Nthiwa waliketi mstari wa mbele, magoti yakigusana, wakacheka kila picha ya mbuzi ilipotokea ukutani. Nzau aliongea vizuri sana. Nthenya alisimama nyuma akiwa na kipande cha keki asichokila, akamtazama yule mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika akipita ukutani, kisha akapita tena. Alimfuata Nzau nje akamwambia. Nzau akasema ni picha tu imejirudia, wataangalia wiki ijayo.

Wiki hiyo ikaja hawakuangalia, wala iliyofuata. Mbuikoin zikanunuliwa, nyasi zikaanza kuja, na kwa miezi michache Nthenya alikuwa mtu mbaya aliyesema vibaya mambo mazuri. Hata baba yake alimtania mezani kwamba amezoea kuona kupe hata mahali pasipo na ng'ombe. Alimwongezea mchuzi. Lakini moyoni alichemka.

Kisha wanunuzi wa mjini wakaanza kuuliza watajuaje mbuzi ni wa kweli. Kinyanjui akawajibu kwa kuwasha ile sehemu ya kulinganisha. Aliiwasha Ijumaa, na kwa kuwa aliharakia harusi ya binamu yake Nyeri, aliiacha AI yenyewe iandike ujumbe na kuutuma kwa kila mfugaji ambaye mbuzi wake wangegongana na wa mwingine. Hakuusoma ujumbe. Nzau pia hakuusoma, kwa sababu alidhani Kinyanjui ameusoma. Kinyanjui akazima simu akaenda kucheza.

Jumapili, katikati ya ibada, simu ya Ndeti ikalia mfukoni. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani, basi akampa simu shemasi Kitonga aliyeketi kando yake amsomee. Kitonga ndiye husoma Zaburi kila wiki, na hana sauti ya chini. Akasoma: "Habari mteja wetu mpendwa. Mfumo umegundua kwamba mbuzi wako wameibwa na Nthiwa wa Sultan Hamud. Tafadhali ripoti kwa polisi walio karibu nawe. Mbuikoin, tunaaminiana."

Nthenya alikuwa upande wa akina mama. Alisikia kila neno, akainuka kitini. Maana alijua, bila kuambiwa, kwamba kule Sultan Hamud simu ya Nthiwa nayo ilikuwa imelia, na mwizi wake alikuwa Ndeti. Siku hiyo Jicho ilitafuta wezi Kitui na Makueni nzima ikawapata wote. Wakwe walisomewa kuwa wameibiana, ndugu wa tumbo moja vile vile.

Baba yao aliinuka akatoka kanisani. Alirudi nyumbani akavua koti, akaketi akiangalia boma lake tupu. Nthenya alimpigia Nthiwa akakuta simu imezimwa. Nzau alikuwa mlangoni, uso umemshuka, lakini mdomo wake haukushuka nao.

"Nthenya, hiyo ni bug tu. Kinyanjui akirudi tutarekebisha system, hiyo maneno inaisha."

"System mtarekebisha," Nthenya akamwambia. "Nthiwa mtamrekebisha na nini?"

Nzau akamwambia amejaribu kumpigia Kinyanjui na hapatikani. Nthenya akasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na kama Nzau angekuwa peke yake na mwiba wake angemwacha alie nao. Lakini mwiba ulikuwa umemchoma baba. Ndeti alikuwa na rafiki mmoja duniani. Mke alikufa, ndugu walihamia Taita, na jioni zote za uzee wake zilikuwa simu ya Nthiwa ya kuulizana mvua.

Siku mbili baadaye pickup ilisimama mbele ya boma. Ilikuwa Septemba, Zombe yote imekauka, hata kule mtoni punda walikuwa wakirudi na mitungi mitupu. Nyuma ya pickup walikuwa mbuzi, wamebanana, na mbele alishuka mzee Nthiwa amevaa kofia yake ya kanisani. Alimsalimu Nthenya vizuri akamwita mwaitu, yaani mama, kama kawaida. Nthenya alimletea maji. Aliyakataa. Hapo Nthenya akajua mambo ni mabaya kuliko alivyodhani, kwa sababu Mkamba aliyetoka safari akikataa maji kwako amekwisha kuondoka.

Ndeti alitoka akasimama mlangoni, na majirani wakaanza kusogea.

"Nimeleta za Ndeti," Nthiwa alisema, akiongea na Nthenya na si na rafiki yake. "Mzishushe hapa mbele ya watu wote. Isikuje kusemwa Nthiwa alibaki na hata moja."

Ndeti alitikisa kichwa polepole. Nthenya aliwaangalia wazee wale wawili na hasira ikampanda upya. Hakuna kati yao aliyeuamini ujumbe ule. Aliona wazi. Ila kila mmoja aliitwa mwizi hadharani na kifaa cha watoto, na kila mmoja alingoja mwenzake aseme kwanza kwamba hakuamini. Mbuzi wakishuka pale, urafiki nao umeshuka. Nao mbuzi wenyewe wangekufa kabla ya mvua, maana Zombe hapakuwa na jani.

Akaingia ndani akamshika Nzau mkono, mtu mzima mwenye ndevu, akamtoa nje.

"Panda," akamwambia. "Ile kazi ulikataa mwaka mzima, leo utafanya."

Nzau akapanda kwenye pickup, akasimama katikati ya mbuzi na simu yake mkononi. Nthenya akamwambia amshike wa kwanza, aulize kwa sauti ni wa nani, na aandike atakachojibiwa. Nzau akamshika beberu mwekundu akauliza. Nthiwa akasema ni wa Ndeti. Nthenya akamgeukia baba yake. Ndeti alikohoa. Akasema yule ni wa Nthiwa.

Nzau akaitazama simu. Ilikuwa na nafasi ya jina moja.

Akashika mwingine. Wa Ndeti, akasema Nthiwa. Wa Nthiwa, akasema Ndeti, na safari hii alilisema upesi. Wakaendelea hivyo, mbuzi kwa mbuzi, mmoja akimsukumia mwenzake na mwenzake akimrudishia, na jasho likimtoka Nzau mpaka fulana ya kijani ikawa nyeusi mgongoni. Walipofika kwa vitoto vya nyuma, Ndeti alishuka ngazi za mlango akasogea mpaka kwenye gari.

"Hizo ndogo zilizaliwa kwako," akamwambia Nthiwa. "Mimi hata sizijui. Utaniletea vitu za watu nikule nini?"

Nthiwa hakucheka. Lakini alivua kofia, akajipangusa paji la uso, na kumwambia Nthenya kwamba sasa angekunywa yale maji.

Alikunywa kikombe chote akakirudisha. Halafu akapanda mwenyewe kwenye pickup, akamfungua yule mbuzi mweupe mwenye sikio lililochanika, akamshusha chini.

"Hizi zingine narudi nazo," alisema. "Hii inabaki. Ndeti sina neno na yeye. Niko na neno na huyu kijana. Alikunywa maziwa ya ukoo wa hii mbuzi, na akaandika mimi ni mwizi. Siku atajua hii mbuzi ni ya nani, ailete yeye mwenyewe. Mpaka hiyo siku, mimi na babake tutasalimiana tu kanisani tukikutana."

Wakati wote wa urafiki wao hawajawahi kuwa na kanisa moja. Ndeti alielewa. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Mbuzi mweupe alikuwa na mimba, jambo ambalo Nthenya aliliona siku ya kwanza na Nzau akaliona baada ya kuonyeshwa. Nzau alipendekeza amtume kwa mtu wa boda boda mpaka Kitui, kisha apakiwe kwenye gari la mizigo mpaka Sultan Hamud, na Nthiwa ampokee pale stendi. Nthenya alimtazama mpaka akajitoa mwenyewe mbele yake. Ikabidi Nzau atafute maganda ya mgunga, akate matawi, abebe maji. Alilalamika kila asubuhi. Jioni moja Nthenya alisikia simu ya baba yao ikiwa kimya mezani saa ile ambayo ingekuwa inalia, akamwona Nzau naye ameitazama. Kesho yake hakulalamika.

Kinyanjui alirudi kutoka harusini akakuta watu wanamngoja mlangoni kwa baba yake. Ikawabidi wawili wale wafanye kwa aibu kazi ambayo wangeifanya kwa heshima: kwenda boma baada ya boma, kuomba msamaha, na kuuliza mbuzi huyu mwenyewe ni nani na mlezi ni nani. Kwa sarafu za uongo wakawarudishia wanunuzi pesa zao, na Kinyanjui akauza pikipiki yake. Sanduku la vitambulisho likatoka chini ya kaunta. Ile programu ikaongezewa nafasi ya jina la pili, na ikamchukua Kinyanjui asubuhi moja tu. Asubuhi moja! Nthenya aliposikia hivyo alitoka nje ya duka akasimama juani kwa muda, kwa sababu ndani kulikuwa na vitu vya kurusha.

Mvua ilianza Novemba, na mbuzi akazaa mtoto mweupe mwenye doa jeusi kwenye paji. Mtoto alipopata nguvu, Nzau akasema sasa anakwenda Sultan Hamud. Nthenya akafunga duka akaenda naye. Hakumwambia kwa nini, lakini sababu ilikuwa kwamba Nzau hajawahi kufika mwisho wa kitu chochote, na aliogopa angeishia Kitui mjini akipata wazo jingine.

Nthiwa alikuwa akirekebisha ua wa boma lake walipofika wamelowa, Nzau amembeba yule mdogo begani na mama yake akimfuata kwa kamba. Mzee aliendelea na kazi mpaka akafunga fundo alilokuwa nalo. Kisha akauliza mbuzi mweupe ni wa nani.

"Ni wa baba," Nzau akasema. "Na anakaa kwako. Mtu akiuliza, ni wako."

"Na hiyo ndogo?"

Nthenya aliona mkono wa ndugu yake ukiingia mfukoni kwenye simu. Mkono ukakaa humo kidogo. Ukatoka mtupu.

"Hiyo sijui," Nzau akasema. "Nimekuja kuwauliza kabla sijaandika."

Nthiwa akamtazama. Akaondoa miiba iliyoziba mlango wa boma, na mbuzi mweupe akaingia bila kuongozwa, kitoto nyuma yake. Mzee akajipangusa mikono kwenye suruali, akatoa simu yake, akabonyeza namba bila kuitafuta.

"Ndeti," akasema. "Mbuzi zako zimefika."

Sauti ya baba yao haijawahi kuhitaji spika. Ilitoka kwenye simu ile ikasikika mpaka uani, kali kama mtu aliyetukanwa.

"Mbuzi gani? Mimi sina mbuzi huko."

Nthiwa alicheka mpaka akashika mti wa ua. Nthenya akaketi juu ya jiwe, matope na yote, akamwambia Nzau amletee maji.